Kivuli: Mchezo Usio na Gharama kwa Watoto Wetu

Vikundi vingi vya kina mama vinavyoendesha chekechea hutuuliza: tutafundisha kwa nini na vifaa hatuna? Basi, jua lipo, na kila mtoto huja na kivuli chake.

Anzeni saa mbili asubuhi. Mtoto mmoja asimame uwanjani bila kutikisika, mwenzake achore ukingo wa kivuli kwa kijiti, kisha wakijaze majivu, vifuu na majani. Wekeni jiwe pale alipokanyaga. Saa nne arudi palepale. Kivuli hakienei tena! Kimefupika, tena kimesogea. Wengine watasema ati kuna aliyekifuta. Waacheni wabishane kwanza. Mwalimu anayekimbilia kutoa jibu huua mchezo.

Huku kwetu kuna jambo ambalo watoto wa Ulaya hawalioni kwao. Kwale iko kusini ya ikweta kwa digrii 4 na ushei tu, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 9 Machi na 4 Oktoba. Siku hizo mti uliochomekwa wima pale Diani au Msambweni hukosa kivuli kabisa kwa muda mfupi: mwezi Machi kama saa sita unusu mchana, Oktoba kama saa sita na dakika kumi. Baada ya Oktoba kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini, na baada ya Machi huangukia kusini. Mwezi Juni, mti wa mita 1 hutoa kivuli cha kama nusu mita saa hiyo. Wazee wa msikitini wanaijua elimu hii, maana wakati wa alasiri ulipimwa kwa urefu wa kivuli kabla saa za mkono hazijafika. Mwalikeni mmoja awaeleze watoto.

Angalizo: watoto watazame chini, kwenye kivuli. Jua lenyewe wasilikodolee macho, hata siku ya kupatwa.

Usiku ndipo kivuli huwa na maneno. Mtoto anaona jitu ukutani, analia, naye mkubwa anamwambia nyamaza. Afadhali mwonyeshe. Tundikeni shuka nyeupe, nyuma yake mwanga, kisha sanamu za maboksi zilizofungwa kwenye vijiti vya chelewa. Sanamu ikikaribia taa, kivuli hukua na kufifia kingo. Ikikaribia shuka, hurudi kuwa kidogo. Mtoto akishalikuza na kulipunguza jitu kwa mkono wake mwenyewe, hofu hupungua. Tumieni tochi au taa ya sola. Kibatari na nguo havikai pamoja, hasa chini ya paa la makuti.

Tena tumeona mtoto mnyamavu akisema sana akiwa nyuma ya shuka, kwa kuwa anayesema ni sanamu. Mara nyingine sanamu husema mambo mazito: kupigwa, kulala njaa, mtu mzima anayemtisha. Hapo msimhoji mbele ya wenzake, wala msimkimbilie jirani. Mchezo uendelee, halafu mtu mmoja anayemwamini amsikilize kando, bila kumtia maneno mdomoni. Kisha peni habari afisa wa watoto, au mpige 116, simu ya watoto. Ni ya bure, mchana na usiku.