Soma kipuri, usisome boksi

Jirani yangu mmoja alistaafu kazi, akachukua kiinua mgongo chake akanunua Hiace ya dizeli, ili imtunze uzeeni. Mwaka wa pili injini ilichoka. Ikashushwa, krenki ikapelekwa kuchongwa, na mzee mwenyewe akaenda Gerezani kutafuta beringi. Fundi alikuwa amemwandikia kikaratasi: 0.50. Dukani akapewa boksi lililoandikwa 0.50, akalipa, akarudi ameridhika.

Injini ilifungwa, krenki ikazunguka laini, watu wakapongezana. Siku ya tatu taa ya oili iliwaka, injini ikaanza kugonga, na kabla dereva hajaegesha, konrodi ilikatika ikatoboa bloki. Ilipofunguliwa, mgongoni mwa kila beringi palikutwa muhuri wa 0.25. Boksi lilisema hivi, kipuri chenyewe kilisema vile, na hakuna aliyekisoma kipuri.

Tofauti hiyo ni robo ya milimita tu. Lakini nafasi inayotakiwa kati ya krenki na beringi ni kama sehemu tano za mia za milimita, oili itande hapo na kuzuia chuma kisiguse chuma. Nafasi ikizidi, oili humwagikia pembeni, shinikizo hushuka, na vyuma huanza kusagana. Ndiyo maana krenki ilizunguka laini: ilikuwa imelegea.

Je, mwenye gari afanye nini? Kwanza, aende dukani na kipuri cha zamani pamoja na namba ya injini, si jina la gari peke yake. Corolla za Japani za miaka ya 1990, kwa mfano, nyingine zina injini ya 2E na nyingine 5A. Boksi lifunguliwe pale pale kaunta, kwa sababu sote tunalijua lile tangazo la ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Pili, kabla ya kufunga, kipya na cha zamani vilazwe mezani pamoja. Mkanda wa taimingi uhesabiwe meno na upimwe upana. Gasketi ya silinda hedi iwekwe juu ya bloki, tundu la maji kwa tundu la maji, la oili kwa la oili. Pampu ya maji izungushwe kwa mkono. Ikikwaruza au ikicheza, irudishwe. Termostati itumbukizwe katika sufuria ya maji jikoni. Iliyoandikwa 82 yapasa ianze kufunguka kwenye nyuzi zipatazo 82. Kama maji yanatokota nayo bado imefumba, hiyo itakuunguzia injini.

Tatu, vipimo. Ringi ya pistoni iingizwe peke yake ndani ya silinda, na pengo la ncha zake lipimwe kwa fila geji. Kwa silinda ya milimita 90, pengo la sehemu tatu hadi nne za kumi za milimita ni la kawaida, ingawa kitabu cha injini husika ndicho hakimu. Pengo likiwa dogo mno, ringi ikipata moto hutanuka, ncha zikagongana na kukwaruza silinda.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi. Ni kweli. Lakini fundi wa jirani yangu hakuwa mwizi wala mjinga, alikuwa anaharakishwa. Kila siku gari lilipolala, hesabu haikuletwa, na mzee alikuwa akimfuata asubuhi na jioni kumwuliza litatoka lini. Kusoma muhuri mgongoni mwa beringi kungechukua dakika moja.

Hapana budi sisi wenye magari tuwape mafundi dakika hiyo, tena tusimame nao mezani tukiangalia. Jirani yangu sasa anatafuta bloki nyingine, na kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Tukutane juma lijalo.