Kabla ya Kulipia Tangazo, Jua Akaunti ni ya Nani

Shimo la choo likijaa Chamazi saa mbili usiku, mwenye nyumba anachukua simu na kuandika kwenye Google "gari la kunyonya majitaka Chamazi", au "kuvuta choo Mbagala", au kwa haraka tu "gari la choo namba ya simu", kisha anampigia wa kwanza anayemwona. Kabla majibu hayajajitokeza kwenye kioo, Google imeshaendesha mnada. Wote waliolipia maneno ya namna hiyo wamepangwa kwa kuangalia bei ambayo kila mmoja yuko tayari kulipa, pamoja na ubora wa tangazo lake: linajibu kilichoulizwa? Watu huwa wanalibofya? Ukurasa linakompeleka mteja unafunguka upesi na una alichokifuata? Google ilianza kuuza matangazo haya Oktoba 2000 kwa jina la AdWords, na mwaka 2002 ikaleta mfumo wa kutoza kwa mbofyo. Jina la Google Ads lilikuja 2018. Mfumo huo wa 2002 ndio uliompa nafasi mfanyabiashara mdogo, kwa sababu tangazo linalojibu vizuri linaweza kukaa juu ya tangazo la mtu aliyetaja bei kubwa zaidi.

Ubora huo haupatikani kwa siku moja. Google huupima kwa kumbukumbu: neno gani lilionyeshwa mara ngapi, likabofywa mara ngapi, lililinganaje na kilichotafutwa. Mfanyabiashara naye hujifunza kwa kumbukumbu hizohizo, akajua lipi lilileta simu na lipi lilikula pesa bure. Kumbukumbu zote hizo zinakaa ndani ya akaunti. Maoni ya wateja na nyota walizokupa kwenye ramani ya Google yanakaa kwenye ukurasa wa biashara unaoshikwa na akaunti. Simu za wateja zinaingia kwenye namba iliyotangazwa. Kwa hiyo kila shilingi ya tangazo la utafutaji inajenga vitu viwili, akaunti na namba, na ukivipoteza unaanza upya. Hoja yangu ni kwamba wafanyabiashara wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam wanafikiria tangazo kwanza, na akaunti na namba wanavifikiria siku simu inapoharibika, kuibwa au kubadilishwa. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa.

Hitaji la utafutaji lipo, tena linakua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam; Temeke peke yake ilikuwa na 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Ukienda Chamazi, Mbande na Charambe, au upande wa pili Wazo, Bunju na Mabwepande, utakuta mitaa ambayo majirani wengi wamehamia majuzi. Aliyekaa Tandika miaka thelathini anamjua fundi wake wa friji kwa jina. Aliyehamia Bunju mwezi uliopita hana wa kumuuliza zaidi ya vijana wa kijiwe cha bodaboda, na kwao atapata fundi mmoja, anayefahamiana nao. Anapotaka kulinganisha, anaingia mtandaoni. Na huko anaandika jina la mahali kama linavyosemwa na watu. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imeipa mitaa majina na nyumba namba, jambo jema kwa ramani, lakini mtu bado anasema Rangi Tatu, Zakhem, Kizuiani, Tegeta Kibaoni, Bunju B. Tangazo linalosema "tunahudumia Dar es Salaam yote" linamwambia mtu wa Mbande kidogo sana. Linalosema "Mbande, Chamazi na Rangi Tatu, tunafika leo" limemjibu.

Sasa tuangalie akaunti inavyozaliwa. Mtu ananunua simu ya Android dukani. Ili programu zipakuliwe, simu inadai akaunti ya Google, na mteja hana au hakumbuki aliyokuwa nayo. Muuzaji anamfungulia hapohapo, dakika tatu, kwa jina analobuni na neno la siri analochagua mwenyewe. Mteja anaondoka ameridhika maana WhatsApp inafanya kazi. Mwaka mmoja baadaye anafungua duka la vifaa vya ujenzi, anaweka duka kwenye ramani kwa kutumia akaunti ileile, anapata maoni ya wateja, anaanza kulipia matangazo. Simu inaanguka barabarani, kioo kinakufa. Anaponunua nyingine anaulizwa neno la siri ambalo hakuwahi kulijua. Duka lake bado liko kwenye ramani na nyota zake zote, lakini hawezi kubadilisha saa za kufungua wala kumjibu mteja aliyelalamika. Hata simu ile ya zamani ikitengenezwa, fundi akifuta kila kitu, itadai akaunti ileile kabla haijakubali kutumika. Ulinzi huo umekuwapo tangu Android ya mwaka 2015 na umewekwa ili kumkwamisha mwizi. Mwenye mali asiyejua neno lake la siri unamkwamisha vilevile.

Namba nayo ina mtego wake. Tangu Mei 2019 laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na Januari 2020 TCRA ilianza kuzima laini ambazo hazijasajiliwa hivyo. Maana yake namba ni ya yule aliyeweka kidole. Kama laini ya duka ilisajiliwa na kijana aliyekuwa akiuza pale, au na shemeji kwa kuwa kitambulisho chako kilikuwa hakijatoka, siku laini ikipotea ni yeye tu anayeweza kuirudisha. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba iliyoandikwa kwenye kibao cha duka haimo, una kazi ya kufanya kabla ya tangazo lolote. Wako pia wanaotupa namba kwa kufuata bando la bei nafuu. Tangu Machi 2017 hilo halina ulazima, kwa sababu mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Ila pesa iliyo kwenye akaunti ya simu ya mtandao wa zamani haihami nayo, kwa hiyo toa salio kwanza.

Kubadili simu kwenyewe si kazi ngumu ikifanywa wakati simu ya zamani bado inawaka. Hakikisha majina ya wateja yamehifadhiwa kwenye akaunti ya Google, kwa kuwa yaliyo kwenye kumbukumbu ya simu au kwenye laini peke yake hupotea navyo. Badilisha neno la siri uweke lako. Kwenye usalama wa akaunti, Google hutoa namba 10 za dharura, kila moja ikitumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na leseni ya biashara, kwa sababu njia nyingine za kuthibitisha zinategemea simu ileile unayoweza kuipoteza. WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, ndiyo daftari la maduka mengi: oda, picha za mizigo, ahadi za malipo. Kutoka Android kwenda Android, tengeneza nakala rudufu, kisha kwenye simu mpya ingia kwa akaunti ileile na namba ileile. Nakala hiyo sasa huhesabiwa ndani ya GB 15 za bure za akaunti ya Google, kwa hiyo video za vichekesho zikijaza nafasi, daftari lako halihifadhiwi. Anayehamia iPhone awe mwangalifu zaidi. Nakala ya Android haisomeki huko moja kwa moja. Tangu 2022 mazungumzo huhamishwa kwa programu ya Apple iitwayo Move to iOS, na iPhone hiyo lazima iwe mpya au imefutwa kila kitu. Ukishaanza kuitumia umechelewa, itabidi uifute urudie. Ukinunua simu iliyokwishatumika, bonyeza *#06# ulinganishe namba inayojitokeza na ya kwenye boksi. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia, na aliyekuwa nayo alipoteza pesa yake. Simu ya zamani usiiuze kabla hujaiondoa kwenye akaunti na kuifuta. Humo mna majina ya wateja, namba zao na mahali wanapoishi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Hayo yakiwa tayari, pesa ya tangazo ina mahali pa kutua. Turudi kwa mwenye gari la majitaka. Kosa la kwanza linalomgharimu ni eneo. Mpangilio wa kawaida wa Google huonyesha tangazo kwa watu waliopo kwenye eneo ulilochagua pamoja na wanaoonyesha kupendezwa nalo, hata wakiwa Mwanza. Mwenye gari achague waliopo tu, na achore duara linalolingana na mafuta yake: aliyeko Mbagala akiitikia wito wa Bunju atakata jiji zima, na faida itabaki kwenye foleni. (Anayeuza viwanja Kigamboni afanye kinyume, kwa sababu mnunuzi wake anaweza kuwa Muscat.) Kosa la pili ni maneno. Watu huandika "majitaka" na "maji taka", "kuvuta choo", "kunyonya shimo", na wengine huandika kwa Kiingereza. Menyu za simu nyingi pia ziko kwa Kiingereza hata pale mwenye simu anapoandika Kiswahili, kwa hiyo usilibane tangazo kwenye lugha moja. Kila wiki soma ripoti ya maneno halisi yaliyoandikwa. Utakuta "ajira udereva gari la majitaka", "gari la majitaka linauzwa", "picha za gari la majitaka". Hao wote wakibofya unalipa, na hakuna hata mmoja mwenye shimo lililojaa. Neno "ajira", neno "linauzwa" na neno "picha" yawekwe kwenye orodha ya maneno ya kuzuia. Kazi hii haina mvuto wowote, lakini ndiyo inayotenganisha tangazo linalolipa na linalokula mtaji. Tangazo pia lizimwe saa ambazo hakuna wa kupokea simu.

Wapo watakaosema watu wa Mbagala wako Instagram, TikTok na kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni kweli, na anayeuza madera au keki za harusi afuate macho yalipo, kwa kuwa picha ndiyo inayoamsha hamu. Mwenye shimo lililojaa, friji iliyokufa au geti lililong'oka ameshaamka; anataka mtu wa karibu, sasa hivi. Biashara za aina hiyo ndizo zinazofaidika na utafutaji. Wengine watasema mtaji hautoshi. Tufanye hesabu kwa mfano: mbofyo mmoja ukiwa Sh 400, bajeti ya Sh 10,000 kwa siku inaleta mibofyo 25. Wakipiga simu watano na mmoja akakubali, mteja huyo amekugharimu Sh 10,000. Kama safari moja inakuachia Sh 40,000 baada ya mafuta na posho ya dereva, endelea. Kama unauza chipsi na faida ya sahani ni Sh 1,500, usilipie utafutaji kabisa. Jiweke kwenye ramani, ni bure. Ujue pia kwamba kwa siku moja Google inaweza kukata hadi mara mbili ya bajeti uliyoweka, ikifidia siku nyingine ili mwezi usizidi, kwa hiyo kwenye kadi usiweke pesa ya kodi ya fremu.

Pingamizi zito zaidi ni la yule asemaye: mimi sijui mambo haya, nina kijana ananifanyia. Kumlipa mjuzi ni uamuzi mzuri. Lakini wengi wa vijana hao hufungua kila kitu kwa akaunti zao wenyewe, pengine bila nia mbaya, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Mkikosana, au akipata kazi Arusha, anaondoka na kumbukumbu zote ulizolipia. Google Ads na ukurasa wa biashara kwenye ramani vyote vinaruhusu mwenye mali kumpa mtu mwingine ruhusa ya kuendesha kwa imeili yake, na kuiondoa siku yoyote. Mwambie afanye kazi kwa ruhusa hiyo. Akikataa, tafuta mwingine.

Jaribio la kuanzia ni hili. Simu yako ikiwa bado inafanya kazi na akaunti ikiwa wazi, chukua kompyuta au simu ya mtu wa nyumbani, ujaribu kuingia kwenye akaunti ya Google ya biashara kwa neno la siri unalolijua wewe na moja ya zile namba za dharura. Ukiingia, toka, kisha weka bajeti ya tangazo. Usipoingia, acha tangazo lisubiri. Wiki hii shughulika na akaunti.