Je, Wajua? Shujaa Anayetua Husalitiwa na Kivuli

Je, wajua kwamba shujaa mkubwa kuliko wote katika masimulizi ya nyanda za Kano, mashariki mwa Kisumu, aliuawa kupitia kivuli chake? Wajaluo humwita Luanda Magere. Mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haukumwingia. Maadui zake wa upande wa Nandi walipochoka kushindwa wakamwoza binti mzuri. Siku moja Magere akaugua, akamwomba mke huyo amchanje chale amtie dawa, lakini si mwilini: kwenye kivuli. Wembe ulipogusa kivuli, damu ikatoka. Mke akatoroka na siri hiyo kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukalengwa chini badala ya kifuani. Magere akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe lenyewe huonyeshwa wageni hadi leo upande wa Muhoroni, na wawindaji walikuwa wakinoa silaha zao juu yake ili wapate bahati.

Kijana wa leo anayekaa mbele ya kompyuta kule Kondele, Kisumu, akitaka rafiki yake aonekane ametua kutoka mawinguni kama shujaa wa sinema, ana udhaifu uleule wa Magere. Anaweza kupatia vazi, moto na mngurumo, kisha kivuli kikamwangusha.

Mtuo wenyewe unaufahamu: goti moja chini, ngumi imegusa ardhi, mkono mwingine umetupwa nyuma, kichwa kimeinama kisha kinainuka polepole. Tuufanyie hesabu. Mtu wa kilo 80 akishuka kutoka mita 30, jengo la ghorofa kumi hivi, hufika chini baada ya sekunde mbili na nusu akiwa na mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa. Akisimama ndani ya nusu mita ya kukunja magoti, ardhi humrudishia nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani 5, nyingi yake kwenye goti moja. Ndiyo maana askari wa miavuli hufundishwa kubana miguu pamoja na kubiringika, wausambaze mshindo mwilini. Filamu ya Deadpool ya mwaka 2016 iliutania mtuo huu waziwazi kwamba unaumiza magoti. Watengenezaji wanajua, na wanaendelea kuutumia, kwa sababu unapendeza.

Je, wajua kwamba katika fremu ya mwisho kabla ya kugusa ardhi shujaa huyo anaweza kuwa karibu mita nzima juu? Video za fremu 25 kwa sekunde ndizo zilizozoeleka kwenye televisheni za Kenya, na kwa mwendo ule mwili husogea takriban sentimita 97 kati ya fremu moja na inayofuata. Kamera ya kweli ingemwonyesha kama mfuto wa rangi wenye urefu wa nusu mita, wala si mtu mwenye vidole vinavyohesabika. Wanaoanza husahau jambo hili. Humkata mwenzao vizuri kutoka kwenye kitambaa cha kijani, kila unywele mahali pake, wakamshusha akiwa safi kama picha ya pasipoti. Jicho la mtazamaji hukataa hata kama mwenyewe hawezi kusema kwa nini.

Sasa turudi kwenye kivuli, maana hapa Kisumu ina mambo yake. Mji uko kama kilomita 10 tu kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, jua husimama juu ya utosi na kivuli cha mtu hujikunja chini ya nyayo zake. (Adui wa Magere wangemvizia saa hiyo, wangekosa pa kulenga.) Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri huelekea kusini, Desemba huelekea kaskazini, na hakifiki hata nusu ya kimo cha mtu. Kwa hiyo ukichukua picha ya uwanja mwezi Juni na kumtia shujaa uliyemrekodi Desemba, umeshamuua.

Kuna la ziada. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa karibu nusu digrii angani, hivyo kivuli cha kitu kilicho juu huwa na kingo zilizofifia. Shujaa akiwa mita 30 juu, kingo za kivuli chake hutawanyika kwa karibu sentimita 28, na kadiri anavyoshuka ndivyo zinavyokaza, hadi kivuli na wayo vikutane katika fremu ileile. Kikichelewa fremu moja, shujaa anaelea. Kazi yenyewe haitaki programu ya bei: nakala nyeusi ya mwili wake, ilazwe chini, ififishwe, kisha ikazwe taratibu.

Baada ya kivuli, ardhi. Udongo mweusi mzito wa Kano na Ahero, ule unaonasa magurudumu wakati wa mvua, ukikauka hupasuka nyufa pana zinazosambaa kama mizizi. Upige picha kwa simu ukiwa umesimama wima juu yake, nawe una mpasuko wa mtuo ambao wengine huununua mtandaoni. Vumbi nalo lina utaratibu: kwanza hukimbia chini chini kwenda pande zote kama pete, ndipo hupanda. Na ukitaka atue kwenye Ghuba ya Winam, ziwani Victoria, usithubutu kuweka vumbi wala nyufa. Magugumaji yakipigwa hubonyea, yakayumba, yakarudi.

Mtikisiko wa kamera ni fremu chache tu: mkubwa mwanzoni, ukipungua haraka. Sauti je? Husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mshindo wa mita 100 kutoka kwako ungechelewa fremu saba au nane. Sinema hudanganya, hulinganisha picha na sauti, na hapo nakubaliana nazo.

Programu yenyewe haina siri. After Effects ilitoka mwaka 1993 kwa kampuni ndogo ya Marekani kabla ya kuingia mikononi mwa Adobe. Blender ni ya bure na msimbo wake umekuwa wazi tangu 2002. DaVinci Resolve ina toleo la bure. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 akitumia kompyuta alizoziunganisha mwenyewe, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Milipuko yake haimdanganyi mtu, lakini filamu imetazamwa duniani kote. Nchini Kenya, Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, inamsimulia msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa, na kijiji kizima kinamsaidia kutengeneza filamu yake. Mwaka huohuo Kisumu ilikuwa na uzinduzi wake wa Black Panther, ambamo Lupita Nyong'o, binti wa gavana wa kaunti, anaigiza Nakia.

Ukitaka kujaribu wikendi hii, funga simu kwenye stendi isitikisike, rekodi kwanza uwanja mtupu, kisha mwenzako akiruka kutoka kwenye kigoda, saa ileile, jua lilelile. Sentimita 40 zinatosha. Mita zilizobaki ataongezewa na kompyuta. Paa la nyumba ya mtu liacheni kabisa.