Hela Imeingia Shuleni, Mbona Mtoto Bado Hajui Kusoma?

Wanachuo wenzangu, kwetu Ihanda, Karagwe, shule ikifanya vibaya kwenye mtihani wa darasa la saba utasikia neno moja tu: serikali ilete hela. Ni kweli hela inahitajika. Lakini tujiulize inakujaje, na ikishafika inafanya nini.

Hela ambayo kila shule ya msingi ya umma inaitegemea ni ruzuku ya uendeshaji. Mpango wa MMEM, ulioanza 2002, uliweka dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, wakati ule kama shilingi 10,000. Elimu Bila Malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa bado hicho hicho cha 10,000, ingawa bei ya saruji na karatasi ilishapanda sana. Tena 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zikaenda kwenye akaunti ya shule. Piga hesabu: shule ya watoto 600 ilipaswa kupata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, michezo na ukarabati.

Halafu ruzuku hii inahesabu vichwa tu. Mtoto anayeingia darasa la kwanza akijua Kinyambo peke yake anahesabiwa sawa na yule wa mjini aliyepita chekechea nzuri. Shule iliyo nyuma haipati nyongeza kwa kuwa nyuma.

Ipo pia mikubwa. EP4R, iliyoanza 2014, ilileta utaratibu wa lipa kulingana na matokeo: wahisani wanatoa fedha serikali ikishatimiza malengo, mojawapo likiwa kugawa walimu kwa uwiano. BOOST, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, unafuata njia hiyo hiyo na umejenga madarasa mengi.

Sasa, hela ikifika kamili inatosha? Mwaka 2013 na 2014 Twaweza na watafiti walilijaribu jambo hili kwenye shule 350 za wilaya 10, mradi wa KiuFunza. Kundi moja la shule lilipewa 10,000 kwa kila mwanafunzi. La pili, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu anayefaulu jaribio. La tatu lilipata vyote viwili. Kumbe, waliopewa ruzuku peke yake hawakupanda kimasomo. Vitabu vilinunuliwa, ila wazazi nao wakapunguza walichokuwa wanatumia wao. Kundi la vyote viwili ndilo lililopanda vizuri, kuliko hata ukijumlisha faida za makundi mengine mawili.

Mimi nalisoma hivi: kitabu kinahitaji mwalimu mwenye sababu ya kukifungua, na mwalimu mwenye ari anahitaji kitabu. Ukipeleka kimoja, umepoteza nusu ya safari.

Kwa hiyo ukienda likizo, pita shule uliyosoma. Soma ubao wa matangazo: ruzuku iliyopokelewa inapaswa kubandikwa pale. Muulize mjumbe wa kamati ya shule imetumikaje. Kisha uliza swali la pili, ambalo wengi hatuliulizi: watoto wa darasa la pili wangapi wanasoma?