Je, Wajua? Mwanafunzi Aliyevunja Rekodi Nne za Dunia kwa Siku 81

Henry Rono, Mnandi kutoka Bonde la Ufa nchini Kenya, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, mjini Pullman, Marekani, alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Aprili 8, mjini Berkeley, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13:08.4. Mei 13, mjini Seattle, akamaliza mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4. Juni 11, mjini Vienna, ikaanguka rekodi ya mita 10,000, kwa 27:22.4, na Juni 27, mjini Oslo, ile ya mita 3,000, kwa 7:32.1. Hii ya mwisho aliipunguza kwa takriban sekunde tatu, pengo kubwa mno katika mbio fupi kiasi hicho.

Ajabu zaidi, rekodi ya mita 10,000 alimpokonya mwenzake wa timu hiyohiyo ya chuo, Samson Kimobwa, aliyeiweka mwaka 1977. Ile ya viunzi na maji ilidumu hadi 1989, ilipovunjwa na Peter Koech, Mkenya mwingine aliyepitia chuo hichohicho.

Rono hakuwahi kukimbia katika Olimpiki. Kenya ilisusia michezo ya Montreal mwaka 1976 na ya Moscow mwaka 1980, miaka ambayo miguu yake ilikuwa moto. Hata hivyo, mwaka 1981 aliivunja tena rekodi yake ya mita 5,000, nchini Norway, kwa 13:06.20.