Saa Moja ya Tiketi, Saa Sita za Safari

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi Eldoret ni takriban kilomita 265 kwa mstari ulionyooka. Tiketi huonyesha kama saa moja. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kule iendako. Barabara, ukaguzi na kungojea mizigo havimo.

Ukiuchora mstari huo kwenye ramani, katikati yake ni karibu na Elementaita, hapa kwetu. Kwa hivyo mkazi wa Nakuru anayeshuka Nairobi kupanda ndege ya Eldoret husafiri saa tatu au zaidi, kisha hurudishwa karibu na juu ya nyumba yake. Kwa barabara, Nakuru hadi Eldoret ni kama kilomita 155 tu. Panda matatu.

Mombasa ni hesabu nyingine. Ndege hukata kilomita 420 hivi kutoka JKIA, tena kwa saa moja ya tiketi, ilhali barabara kutoka Nakuru ni zaidi ya kilomita 600. Kama ndege yako ni ya saa nane mchana, ondoka Nakuru saa mbili asubuhi: saa nne za barabara pamoja na msongamano, saa mbili za uwanjani.

Tena soma jina la uwanja kabla ya kuondoka. JKIA iko Embakasi. Wilson iko Barabara ya Lang'ata. Ukitoka Nakuru, Southern Bypass inakufikisha pande zote mbili bila kupita katikati ya jiji.