Habari za miaka sita kutoka milimani

Ukikutana na mtu mliyepoteana naye utamwuliza habari za siku nyingi, naye atakujibu "nzuri tu". Ndivyo tulivyolelewa. Hata aliyefiwa juzi huanza kwa kusema nzuri, mengine yatafuata baadaye. Lakini kama mtu huyo ni ndugu yako wa damu, ameteremka kutoka milima ya Itombwe baada ya miaka sita, na usiku huu analala nyumbani kwako pamoja na watoto wake, jibu hilo lisikutoshe. Tunataka kukueleza sababu kwa kutumia habari za familia moja ya hapa kambini Nyarugusu. Wao wenyewe wamekubali tuziandike, ila majina tumeyaacha.

Mama mwenye nyumba alifika kambini mwaka 2017. Kaka yake alibaki kule juu pamoja na mama yao mzee, ambaye alikataa kabisa kuliacha kaburi la mumewe. Alibaki pia mdogo wao wa kike, aliyekuwa bado hajaolewa. Machi 2023, maelfu ya Wakongomani walipovuka Ziwa Tanganyika na kuingia mkoani Kigoma, kaka huyo naye alikuwa mmoja wao. Alikuja na mkewe mwenye mimba ya miezi saba, watoto wanne, na bibi. Walikuwa wameshuka kwa miguu siku nyingi hadi Baraka, wakapanda boti usiku.

Usiku wa kwanza pale nyumbani hakulala mtu isipokuwa watoto. Ugali na sombe viliisha, moto ukachochewa, habari zikaanza. Ng'ombe walikwenda wapi, shamba la viazi analima nani, nani aliolewa, nani alijenga bati, shule ipi imebaki na ipi imeungua. Mwenye nyumba aliuliza habari za mdogo wake. Akajibiwa: yupo, anasalimia. Bibi alikaa karibu na moto, anakohoa na kucheka. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni, bila chandarua, kwa sababu chandarua kilichokuwepo kilikuwa cha wenye nyumba.

Siku ya kumi na mbili mtoto huyo akapata homa. Watu wazima walisema ni uchovu wa safari, wengine wakasema anazoea joto la huku. Wakampa maji ya kuoga, wakangoja. Usiku wa pili akashikwa na degedege, ndipo wakambeba kumpeleka hospitali. Damu ilipopimwa ilionyesha malaria kali.

Mtoto wa baridi na mbu wa huku chini

Ndugu msomaji, Itombwe ina vilele vinavyozidi mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Unakumbuka baridi ya kule mwezi wa saba, jinsi tulivyokuwa tunalala na moto ndani ya nyumba. Mbu anayeeneza malaria haivumilii vizuri baridi hiyo, na hata akiwepo, vijidudu vya malaria hukomaa polepole mno ndani ya mwili wake, kiasi kwamba mara nyingi hufa kabla ya kuambukiza mtu. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa juu kabisa anaweza kufika miaka mitatu bila kuumwa malaria hata mara moja.

Ni jambo zuri akiwa kule. Akishuka, jambo hilo linageuka. Sisi tuliokaa huku miaka mingi tumeumwa mara nyingi na miili yetu imejifunza kupambana kidogo. Mtu wa milimani, awe mtoto au mtu mzima, hana kinga hiyo. Malaria inayokufanya wewe ukose kazi siku mbili inaweza kumpeleka yeye kwenye degedege, upungufu wa damu au kupoteza fahamu. Na wewe uliyerudi nyumbani milimani ukakaa miaka kadhaa kisha ukaja tena kambini, usijivunie kinga yako ya zamani, kwani hupungua mtu asipoumwa kwa muda mrefu.

Basi mgeni akifika, swali la kwanza ni atalala wapi na chini ya chandarua kipi. Kama hakitoshi watu wote, walale ndani yake watoto wadogo na mama mjamzito. Tunajua hili ni gumu, maana adabu yetu inataka mzee apewe mahali pazuri. Mwelezeni mzee, ataelewa. Na mgeni akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Maneno "anazoea hali ya hewa" yameshachelewesha watoto wengi.

Mtoto ana miaka mingapi?

Mtoto yule alilazwa siku tano, akapona. Lakini akiwa bado wodini muuguzi aliuliza swali la kawaida: ana umri gani, na kadi yake ya chanjo iko wapi? Kadi ilipotea njiani pamoja na mzigo. Kuhusu umri, baba alisema miwili, mama akasema mitatu.

Msicheke. Nyumba ngapi hapa zina ubishi kama huo? Kule juu mtoto huzaliwa wakati wa kuvuna mahindi au wakati wa kukimbia, na hakuna anayeandika tarehe. Hospitali tuna njia ya kusaidia, tunaiita kalenda ya matukio. Hatuulizi tarehe, tunauliza mambo ambayo kila mtu anayakumbuka. Je, alikuwa amezaliwa wakati mafuriko yalipoikumba Uvira, Aprili 2020? Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 na redio zote zikatangaza, alikuwa anatembea au anabebwa mgongoni? Kwa watoto wa baadaye tunauliza uchaguzi wa Desemba 2023. Kisha tunashuka kwenye majira: mvua zilikuwa zimeanza, maharagwe yalikuwa yameota? Kwa njia hiyo tunakaribia mwezi wenyewe.

Umri una kazi yake. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akifika miezi tisa, na hapa Tanzania hurudiwa akiwa na miezi kumi na minane. Utepe ule wa rangi tunaomzungushia mtoto mkononi umetengenezwa kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, na kuanzia hapo hadi 12.5 ni njano. Tusipojua umri tutapima vibaya.

Kuhusu surua tuseme neno moja zaidi. Mlipuko uliotangazwa Kongo mwaka 2019 ulikuwa umeua watu zaidi ya 6,000 kufikia Januari 2020, wengi wao watoto, katika nchi ambamo vijiji vingi havifikiki kwa barabara. Mtoto aliyekosa chanjo kule anaweza kuipata hapa. Wazazi wengine hujificha kwa sababu wanadhani mtoto aliyeruka sindano moja ataanzishwa upya zote, au watagombezwa. Chanjo haianzwi upya. Inaendelezwa pale ilipoishia. Na kama kadi imepotea na hakuna anayekumbuka, kupewa tena chanjo ya surua au ya polio hakumdhuru mtoto.

Swali la mkunga

Siku hizo hizo wifi alikwenda kliniki ya wajawazito. Mkunga akamwuliza: hii ni mimba ya ngapi, umezaa mara ngapi? Akajibu kwamba amezaa mara tatu. Mwenye nyumba, aliyekuwa amemsindikiza, akahesabu watoto aliokuja nao: wanne. Akanyamaza mpaka nyumbani.

Jioni akamwuliza kaka yake. Ndipo ukweli ukatoka. Yule mtoto mdogo, aliyenusurika na malaria, hakuwa wa wifi. Alikuwa wa mdogo wao. Mdogo wao alijifungulia nyumbani mwaka 2020, wiki chache baada ya habari za mafuriko ya Uvira kufika kijijini, akatokwa na damu nyingi, na kabla machela haijafika kwenye kituo cha afya alikuwa ameshafariki. Wifi alimchukua mtoto akamlea pamoja na wake. Kila simu ilipopigwa, kaka alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao, na kila mara dada yake alipotuma salamu kwa marehemu, yeye alizipokea na kurudisha. Alisema hakuona faida ya kumliza mtu aliye peke yake mbali.

Kwa hiyo ubishi wa miaka miwili au mitatu ukaisha: mtoto alikuwa karibu kutimiza mitatu. Mwenye nyumba alituambia kwamba kilichomwuma zaidi ni zile salamu.

Tunajua kaka alificha kwa upendo, na si yeye peke yake. Hata hivyo, kwa maoni yetu sisi tunaowaona watu baadaye, habari ya msiba inayofichwa hutoka tu, na mara nyingi hutoka kwa mtoto anayecheza au kwa mgeni asiyejua. Ni afadhali isemwe mapema, mchana, mbele ya jirani au mzee anayeaminika, ili mfiwa apate watu wa kukaa naye na matanga yafanyike hata kama kaburi liko ng'ambo ya ziwa. Mwenye nyumba huyu alikaa wiki tatu bila kulala vizuri wala kula. Akaletwa kuzungumza na mshauri nasaha, akaja tena na tena. Huduma hiyo si ya wenda wazimu kama watu wanavyosema vichochoroni.

Na swali la mkunga lina maana yake. Akina mama wengi huhesabu watoto walio hai tu. Mkunga anataka hesabu yote: mimba zilizoharibika, aliyezaliwa amekufa, aliyeishi siku tatu. Anataka kujua kama ulitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kama ulipasuliwa, kama umewahi kuchomwa sindano za pepopunda. Aliyepasuliwa kule juu asipange kujifungulia nyumbani, na tafadhali asijifunike kovu kwa aibu. Kama kuna jambo mume au mawifi hawalijui, omba kubaki na mkunga peke yako. Una haki hiyo.

Kikohozi cha bibi

Bibi tulimsahau, kama watu wote walivyomsahau. Alikohoa tangu usiku wa kwanza, na nani atamwuliza mama mzee habari za kikohozi chake siku ya furaha? Walisema ni moshi wa miaka mingi. Mhudumu wa afya ya jamii alipotembelea nyumba hiyo kumwona mtoto aliyetoka wodini, alimwuliza bibi tangu lini. Bibi akafungua kitambaa chake, akatoa vidonge vilivyobaki. Alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu kule milimani, akameza miezi miwili, kisha wakakimbia. Hakusema kwa sababu aliogopa kutengwa na wajukuu.

Dawa za kifua kikuu humezwa miezi sita kwa kawaida. Mtu akiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa za kwanza. Bibi alipimwa makohozi, akaanza tena matibabu bila malipo. Watoto wadogo waliolala naye chumba kimoja walichunguzwa, wakapewa dawa ya kinga. Hakutengwa. Akimeza dawa kila siku uwezo wa kuambukiza hupungua haraka, na mpaka hapo inatosha kufungua madirisha na kuziba mdomo wakati wa kukohoa. Kwenu, mtu yeyote anayekohoa wiki mbili au zaidi aje apimwe, na kama alishawahi kuanza dawa mahali popote, aseme. Lete hata karatasi ya vidonge vilivyoisha. Hiyo ni kwa wenye sukari, shinikizo la damu na kifafa pia.

Wageni wengine wa milimani huja na rovu, ule uvimbe wa shingo. Si uchawi. Udongo wa milima mingi una upungufu wa madini joto. Tumieni chumvi yenye madini joto, itunzwe imefunikwa, itiwe chakula kikikaribia kuiva. Uvimbe mkubwa uonwe na daktari.

Wale waliobaki juu

Kaka aliacha kule kijana wake mkubwa, anayelinda shamba. Simu yake haipatikani tangu walipoondoka. Kama nawe una mtu wa namna hiyo, wahudumu wa Msalaba Mwekundu hupokea ujumbe wa familia na kuupeleka bila malipo. Karatasi huwa wazi, haifungwi kwa gundi, na hubeba habari za familia tu: ukiandika habari za vita au siasa haitapelekwa. Andika jina kamili la mtu, la baba na la mama, kijiji na kilima, na jina la chifu anayejulikana pale.

Mwenye nyumba alituonyesha alichoandika mwezi wa sita mwaka ule. Kwamba wamefika wote. Kwamba mdogo wako aliumwa malaria, amepona, sasa ananiita mama mkubwa. Kwamba bibi anameza dawa na amenenepa. Kwamba wifi amejifungua hospitalini mtoto wa kike, na amepewa jina la marehemu. Na chini kabisa: utujibu kama uko mzima, na kama kuna aliyekufa, utuambie ni nani.